Mwingi Si Mwingi, Wote Si Wote: Mwongozo wa Kubandika Lebo Ukambani

Andika neno mwingi kwenye kisanduku cha kutafutia cha hifadhi yoyote ya maandishi ya Kiswahili, kisha uketi usome. Utaletewa moshi mwingi, muda mwingi, ujuzi mwingi, mzigo mwingi uliomshinda punda, na wimbo wa kwaya wenye upendo mwingi. Mji wa Mwingi, ule ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, utakuwa umejificha kurasa nyingi mbele. Vuka uende Makueni ujaribu tena. Makao makuu ya kaunti hiyo ni mji wa Wote. Wote walihudhuria. Wote walikubaliana. Wote walipewa soda. Kompyuta haina kosa: imeulizwa neno, ikaleta neno.

Hayo ndiyo majina kugongana, na Ukambani yanagongana kwa namna inayochekesha mpaka siku unapokitafuta kitu cha maana ukakikosa. Mwongozo huu nawaandikia vijana wa Tseikuru, na wenzao wa Kyuso, Katse, Wote na Kibwezi, wanaokabidhiwa siku hizi kazi ya kuhifadhi mambo ya kwao: picha za harusi na mazishi, sauti za wazee, kumbukumbu za mabaraza ya chifu, bei za soko la mbuzi, orodha za mizinga ya nyuki. Kazi hiyo huanza kwa ari na huishia kwenye folda iliyoitwa "mpya", iliyo ndani ya folda iliyoitwa "mpya kabisa". Kinachoweza kuiokoa ni lebo. Na lebo ni ahadi unayompa mtu usiyemjua, kwamba siku atakapokuja kutafuta atakipata alichokifuata. Anaweza kuwa mjukuu anayetafuta sauti ya nyanya yake. Anaweza kuwa mzee anayetaka kuthibitisha kilichosemwa kuhusu kisima. Akiletewa sauti ya nyanya wa mwingine, ahadi imevunjwa, na mara nyingi hatarudi kuuliza tena.

Anza na kwenu. Tseikuru ni soko. Tseikuru pia ni wadi, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Mwingi Kaskazini. Nyingine ni Ngomeni, Kyuso, Mumoni na Tharaka. Tena katika sensa ya 2019 Tseikuru ilihesabiwa kama kaunti ndogo. Mtu wa huko akisema "naenda Tseikuru" hakuna anayemuuliza ni ipi, kwa sababu wanaona kikapu mkononi. Kompyuta haioni kikapu. Picha ya foleni ya maji yenye lebo tseikuru peke yake inaweza kuwa ya kisima kilicho sokoni au ya kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kutoka hapo, na anayepanga kuchimba kisima kingine anahitaji kujua ni wapi.

Kwa hiyo kila jina la mahali lifuatwe na aina yake: tseikuru-soko, tseikuru-wadi, tseikuru-kaunti-ndogo. Jina litangulie, aina ifuate. Wapo wanaopenda kuanza na aina, na nimewasikiliza, lakini ukiorodhesha lebo kwa alfabeti unataka Tseikuru zote zikae pamoja ili mbandikaji azione na ajue kwamba anatakiwa kuchagua. Ukianza na aina, wadi zitakaa na wadi, masoko na masoko, na kijana mwenye haraka atachukua ya kwanza anayoiona. Fanya vivyo hivyo kwa Makueni, ambayo ni kaunti na pia ni eneo bunge ndani ya kaunti hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa Kitui, ambayo ni mji, ni kaunti, na ni neno la kwanza katika majina ya maeneo bunge matano: Kitui Kati, Kitui Magharibi, Kitui Mashariki, Kitui Kusini na Kitui Vijijini. Nao mji wa Mwingi ukiwa mwingi-mji na mji wa Wote ukiwa wote-mji, moshi na soda vitatulia mahali pake.

Aina peke yake haitoshi. Hapo Mwingi Kaskazini kuna wadi ya Tharaka. Ng'ambo ya Mto Tana, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, kuna eneo bunge la Tharaka. Kati yao kuna maji tu, na watu wa pande zote mbili wana undugu wa lugha na damu usiojali mpaka wa kaunti. Sasa mto ufurike, na mtu apige picha ya shamba lililozama, aitie lebo tharaka, aende zake. Shamba hilo liko ukingo upi? Kaunti ipi itume mashua, na ipi ihesabu magunia ya msaada? Jina la pahali likipatikana pande mbili za mpaka, lebo itaje mpaka huo: tharaka-wadi-kitui, tharaka-eneo-bunge-tharaka-nithi. Ni ndefu, ndiyo. Inachapwa mara moja na kusomwa miaka mingi.

Na Ngomeni! Wadi ya Ngomeni iko kwetu, kwenye ardhi kavu ya Mwingi Kaskazini, ambako mtu hupanga siku yake kufuata maji. Ngomeni nyingine iko Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Malindi, ufukweni kabisa, na hapo ndipo Waitaliano walipojenga kituo chao cha kurushia vyombo vya anga, kwenye majukwaa yaliyosimama baharini. Kutoka huko, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mwanafunzi anayesoma habari za anga akitafuta ngomeni ataletewa mnada wa mbuzi. Mfanyabiashara wa mbuzi ataletewa roketi. Mwanafunzi akijaribu kujikomboa kwa kuandika uhuru, atakutana na rais wa nne wa Kenya, kilele cha Kilimanjaro na bustani ya Nairobi. Ukifika hapo, usiongeze maneno ya kutafutia kwa kubahatisha. Rudi kwenye lebo, uiandike ngomeni-wadi-kitui na ngomeni-kijiji-kilifi, na kila mmoja apewe chake.

Wapo watakaosema: acha majina, tumia namba. Ni shauri zuri, na lina shimo katikati. Kila kaunti ya Kenya ina namba yake rasmi. Tharaka-Nithi ni 013, Kitui ni 015, Machakos ni 016, Makueni ni 017. Lakini kuna orodha nyingine ya kimataifa, ya shirika la viwango la ISO, ambayo mafundi wengi wa kompyuta huipakua bila kuuliza, na yenyewe imepanga kaunti kwa alfabeti. Katika orodha hiyo Kitui ni KE-18 na Makueni ni KE-23. KE-15 ni Kirinyaga. KE-17 ni Kisumu. Sasa tazama majedwali ya kompyuta yanavyofanya kazi: ukichapa 015, programu inadhani umeandika hesabu, inafuta sifuri ya mbele, inabakiza 15. Anayepokea jedwali hilo akilisoma kwa orodha ya kimataifa, ndengu za Tseikuru zimehamia mashamba ya mpunga ya Mwea bila lori hata moja. Mifugo ya Kibwezi nayo imeshuka Ziwa Viktoria. Namba itumike, tena itumike sana, ila iandikwe kama maandishi na itaje orodha ilikotoka: kaunti-015. Herufi zikitangulia, hakuna programu itakayothubutu kuila sifuri.

Tuje kwa watu, maana hapa ndipo penye kazi kubwa.

Majina ya Wakamba yana sababu, na sababu hizo hujirudia kila mwaka. Aliyezaliwa usiku huitwa Mutuku, wa asubuhi Kioko, wa wakati wa mvua Wambua au Mumbua, wa safarini Kyalo. Usiku huja kila siku, na mvua, hata huku kwetu inakochelewa, haijaacha kunyesha moja kwa moja. Juu ya hayo watoto hupewa majina ya babu na nyanya, kwa hiyo jina lililozikwa juzi linabatizwa kesho. Ni utaratibu mzuri unaofanya jamii isisahau watu wake, na mtunza kumbukumbu asiulaumu. Kazi yake ni kuufuata kwa makini ili Mutua wa 1950 asije akapewa maneno ya Mutua wa 2020.

Namna ya kufanya hivyo kila mwenye simu tayari anaijua. Fungua orodha ya namba ulizohifadhi. Hapo pana Mutua Fundi, Mutua Boda, Mutua wa Kyuso, Mutua Kwaya na Mama Mwende Ndengu. Hakuna aliyekufundisha. Ulipogundua kwamba Mutua ni wengi uliongeza kazi, mahali, au mtoto, na tangu hapo hujampigia fundi wa mabomba ukamwambia akupeleke sokoni. Na ukimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, iliyoanza 2007, hutumi kwa jina. Unatuma kwa namba, kisha jina linatokea ili uhakikishe. Huduma hiyo imewazoesha mamilioni ya Wakenya tofauti kati ya kinachomtambulisha mtu na kinachomthibitisha, tofauti ambayo mafundi wengi wa hifadhidata huisahau.

Lakini usichukue namba ya simu wala ya kitambulisho ukaifanya lebo ya mtu wa kawaida. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata kama isingekuwepo, bibi aliyekubali kurekodiwa akisimulia njaa za zamani hakukubali namba yake ibandikwe kwenye simulizi hiyo. Mpe kila mtu namba ya humo humo hifadhini, isiyo na maana popote pengine: mtu-0412. Ukurasa wa mtu-0412 ndio ubebe jina alilochagua kuitwa, kijiji alichokubali kitajwe, na mwaka. Akija Mutua mwingine kabisa, naye anapewa namba yake, na wawili hao hawatavaana nguo kamwe.

Watu mashuhuri huonekana rahisi, kumbe ndio wanaonasa wabandikaji. Uliza hivi: ni nani alikuwa Seneta wa Makueni mwaka 2013? Jibu ni Mutula Kilonzo. Yupi? Mutula Kilonzo baba, wakili aliyekuwa mbunge wa Mbooni na waziri, alichaguliwa kuwa seneta wa kwanza wa Makueni katika uchaguzi wa Machi 2013 akafariki tarehe 27 Aprili mwaka huo huo. Mwanawe, Mutula Kilonzo Junior, alishinda uchaguzi mdogo wa Julai 2013, akakaa Seneti hadi 2022 alipochaguliwa kuwa Gavana wa Makueni. Jina moja, cheo kimoja, kaunti moja, mwaka mmoja. Lebo mutula-kilonzo-seneta-makueni-2013 ina kila kitu ambacho mwongozo wowote wa kawaida ungekwambia uweke, na bado haijui inamsema nani. Ukitaka kujua kama mfumo wako wa lebo unafaa, upitishe hapo kwanza. Maktaba kubwa hutatua jambo hili kwa kuongeza mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na kwa baba hiyo ni 1948 hadi 2013. Wewe fanya hivyo kwa watu wa umma, na neno Junior usilitegemee peke yake, kwa kuwa magazeti huliacha nafasi inapobana.

Kutoka hapo songa mbele herufi moja tu ukutane na mwana wa Tseikuru mwenyewe. Stephen Kalonzo Musyoka alizaliwa huko Desemba 1953, akaingia Bunge 1985, akawa Makamu wa Rais kuanzia 2008 hadi 2013. Mutula Kilonzo, baba, aliketi katika baraza hilo hilo la mawaziri. Kalonzo na Kilonzo, serikali moja, miaka ile ile. Programu za kutafuta zenye huruma ya kusamehe makosa ya chapa huwaona hawa kuwa mtu mmoja aliyeandikwa vibaya, na hujitolea kukurekebisha. Kwa majina ya watu, izime huruma hiyo. Anayeandika Kilonzo apewe Kilonzo. Akikosea, aambiwe kwamba Kalonzo pia yupo, naye achague mwenyewe.

Tungeweza kujifunza haya yote bila kompyuta, kwani Ukambani ulikuwa na mfumo wa lebo kabla umeme haujafika. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kuhusu alama za koo katika kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba, ambacho toleo lake kamili lilitoka 1920. Kila ukoo ulikuwa na alama yake. Ilichomwa kwenye ngozi ya ng'ombe na kuchongwa kwenye mzinga na kwenye mshale. Mwenye mali angeweza kuongeza mkato wake juu ya alama ya ukoo. Fikiria kazi iliyofanywa na vitu hivyo viwili tu. Mzinga wa gogo umetundikwa juu ya mbuyu, mbali na nyumbani, katika nyika isiyo na ua wala mlinzi. Anayepita anatazama juu, anasoma ukoo, anajua aende kwa nani kuuliza. Anasoma mkato, anajua ni wa nani katika hao. Mnyama akipatikana na mishale miwili mwilini, alama huanza kumaliza ugomvi kabla wazee hawajaketi.

Mjuzi wa kompyuta atakwambia kwamba huo ni mfumo wa ngazi mbili, ambamo jina linatakiwa kuwa la pekee ndani ya ukoo wake tu wala si duniani kote. Sawa kabisa. Ndivyo wanavyofanya hata wanasayansi wa viumbe: kanuni za majina ya wanyama na za mimea ni mbili tofauti, kwa hiyo Oenanthe ni jenasi ya ndege na pia ni jenasi ya mimea ya majimaji, na hakuna anayemkaanga mmoja akidhani ni mwingine. Wape lebo zako koo. Ukoo wa mahali, ukoo wa watu, ukoo wa mazao na wanyama, ukoo wa matukio. Mumbua wa ukoo wa watu hatagombana na mvua ya ukoo wa matukio. Kora ya ukoo wa mahali, ile mbuga iliyo jirani ambako George Adamson aliishi na simba wake hadi alipouawa 1989, haitachanganywa na kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, hata siku kikundi cha muziki kitakapoalikwa Mwingi. Na koo ziwe chache. Ukizidisha, kila mbandikaji atabuni yake, na utakuwa umehamisha mgongano kutoka kwenye majina kwenda kwenye koo.

Ukoo wa mazao unataka uangalifu wa peke yake kwa sababu unagusa mfuko. Zao linalobeba ada za shule Tseikuru ni ndengu, zile punje ndogo za kijani. Ni zao ambalo serikali ya Kaunti ya Kitui, wakati wa Gavana Charity Ngilu, ililifanyia kampeni kubwa. Tanzania punje hizo hizo huitwa choroko. Tanzania kuna dengu pia, lakini dengu za huko ni zao lingine kabisa, lile linalopelekwa India kwa wingi. Tofauti ni herufi moja ya mbele, na mifumo mingi ya kutafuta haioni uzito wake. Mkulima wa Tseikuru akisoma kwenye simu bei ya dengu mnadani Tanzania na kuilinganisha na gunia lake, anaweza kuuza kwa hasara au kugoma kuuza kwa matumaini ya bure, na yote mawili ni maumivu ya kweli ndani ya nyumba. Hapa jina la kisayansi lina faida hata kwa asiyelipenda: ndengu za Kenya na choroko za Tanzania ni Vigna radiata, dengu za Tanzania ni Cicer arietinum. Liwe lebo iliyofichwa nyuma, na mbele kila nchi ione neno lake. Na mkusanyaji wa vyombo vya jikoni kutoka Lamu akikuletea picha zenye lebo mbuzi, tazama kwanza kabla ya kuziweka na za mnada. Hizo zitakuwa mbuzi za kukunia nazi.

Majina pia huhama na wakati. Ng'ambo ya pili ya mgongano ni kitu kimoja chenye majina mawili, na kinapoteza watu vilevile. Kalonzo alipoingia Bunge 1985 aliwakilisha Kitui Kaskazini; baadaye akawa mbunge wa Mwingi Kaskazini, na wapiga kura wake hawakuwa wamehama. Wilaya ya Mwingi ilimegwa kutoka Kitui 1993, kisha katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 na Mwingi ikarudi ndani ya Kitui. Hifadhi ya wanyama iliyo upande wa Mto Tana iliitwa Kitui Kaskazini; leo ni Hifadhi ya Mwingi. Hati yenye lebo wilaya-ya-kitui ya 1990 inaihusu Tseikuru. Yenye lebo hiyo hiyo ya 2000 haiihusu. Bila mwaka, hati hizo mbili ni ndugu pacha, na mtafiti atachukua zote au aache zote.

Wala si jambo letu peke yetu. Johann Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, na jina alilolisikia Ukambani likaandikwa kwenye ramani za Ulaya. Nchi nzima ikalipokea jina la mlima huo 1920, ilipoacha kuitwa Afrika Mashariki ya Waingereza. Mwaka huo huo toleo kamili la kitabu cha Lindblom likatoka likiwa na jina la zamani la nchi kwenye jalada. Anayetafuta vitabu vya kale kuhusu Wakamba kwa lebo kenya atakikosa, naye anayetafuta barafu ya mlimani ataletewa bajeti ya taifa. Kwa hiyo kila lebo ya mahali iwe na mwaka wa kuanza na, kama imekufa, mwaka wa kufa. Ziandikwe kwenye ukurasa wa lebo yenyewe, zisirundikwe kwenye jina lake.

Kuhusu herufi nitakuwa mfupi, ingawa zimewahi kunikosesha usingizi. Kikamba huandikwa kwa ĩ na ũ, na kinastahili kuandikwa hivyo. Kwa macho Kĩtui ni Kĩtui. Ndani ya kompyuta, ĩ inaweza kuwa herufi moja yenye namba U+0129, au inaweza kuwa i ya kawaida iliyovishwa alama U+0303 juu yake. Zinafanana hadi mwisho na kompyuta inaziona kuwa mbili. Watu wengi, kwa kuwa simu zao hazina herufi hiyo karibu, huandika i tupu, na sasa una Kitui tatu. Lebo ya ndani iandikwe kwa herufi ndogo zisizo na alama, na jina la kuonyeshwa liandikwe kwa Kĩkamba kamili. Mwambie fundi wako apitishe maandishi yote kwenye kanuni ya NFC kabla ya kuyahifadhi. Ni mstari mmoja wa programu na atajua maana yake. Na asije akakushawishi uondoe alama kwenye jina la kuonyeshwa eti ni usumbufu. Mzee akiliona jina la kijiji chake limeandikwa ipasavyo kwenye skrini, hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Sasa limebaki daftari. Namaanisha daftari la karatasi, lenye jalada gumu, linalokaa karibu na kompyuta na kufanya kazi hata umeme ukikatika. Ukurasa mmoja kwa lebo moja: jina, ukoo, maana kwa sentensi moja, mwaka, na majina mengine ambayo watu watayatumia kuitafuta. Mtu mmoja awe na ruhusa ya kuongeza lebo, na mwingine wa kumsaidia anapokuwa safarini. Wengine wote wapendekeze. Mtu wa ruhusa asichaguliwe kwa kujua kompyuta, achaguliwe kwa kujua vijiji na kwa subira ya kuuliza "yupi?" mara tatu bila kuona aibu. Pendekezo jipya likija, atafute kwanza jina hilo katika koo zote, kisha aulize mtu wa Kyuso na mtu wa Katse kama wao wanalo jingine. Nusu ya migongano huishia kwenye swali hilo.

Lebo isiyotumika tena haifutwi, wala jina lake halipewi kitu kingine, hata likae bure miaka ishirini. Hati za zamani bado zinaliita. Katiba inaitaka tume ya mipaka, IEBC, ipitie upya mipaka ya maeneo bunge kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, na ya wadi mara kwa mara, na majina ya sasa yalipangwa 2012. Wadi ya Tharaka huenda ikapewa jina jingine, Tseikuru ikagawanywa au ikapanuliwa. Siku hiyo ikifika, fungua ukurasa mpya, uandike tarehe ya Gazeti Rasmi la Serikali, uonyeshe lebo mpya imetoka kwenye ipi, kisha urudi kwenye ukurasa wa zamani uandike imekwenda wapi.